Nyanya cheri zikizidi: friza, kaushio, chupa au achari?

Mche mmoja wa nyanya cheri ukitunzwa unazaa kwa wiki nyingi. Haukupi zigo la siku moja. Unakupa bakuli leo, bakuli keshokutwa, na mwenye miche sita au saba kwenye viroba nyuma ya jiko anajikuta amejaza sado moja kabla ya ile ya juzi kuisha. Nyanya kubwa zikizidi zina pa kwenda. Iwe Ilula au Mwea, mkulima anajua kuna mtu wa kuzipakia kwenye matenga. Cheri hazina soko hilo. Mama ntilie anayeunga maharage ya watu thelathini hana muda wa kupasua vinyanya mia mbili, na hoteli au supamaketi inayozitaka inataka pakiti ndogo zinazofika kwa ratiba, zenye rangi moja na ukubwa mmoja. Basi mzigo unabaki jikoni kwako, na joto la mchana halikusubiri uamue.

Ushauri mwingi wa kuhifadhi nyanya umeandikwa kwa ajili ya nyanya kubwa: zichovye kwenye maji yanayochemka, zimenye, toa mbegu, pika. Ukiufuata kwa cheri utakesha. Nyanya kubwa moja ya gramu 100 ina ganda moja la kumenya. Gramu 100 za cheri ni vinyanya kati ya vitano na kumi, na kila kimoja kina ganda lake na mbegu zake. Kwa hiyo ninapolinganisha njia hizi, swali la kwanza ninaloiuliza kila moja ni hili: inanilazimisha kumenya? Baada ya hapo ndipo ninapoangalia umeme, gesi, nafasi, hali ya hewa, na chakula chenyewe kitakachopikwa.

Kabla ya yote, zichambue

Mvua ikinyesha baada ya jua kali la siku kadhaa, cheri zinapasuka zikiwa bado mtini. Mizizi inavuta maji mengi kwa ghafla, nyama ya ndani inatanuka na ganda linashindwa kufuata. Zilizopasuka hazina kosa kwenye ladha, ila zipikwe siku hiyohiyo. Usizikaushe wala usizitie kwenye chupa za kuweka muda mrefu, kwa sababu ukungu na inzi huanzia kwenye ule ufa. Zenye tundu la kantangaze, yule nondo ambaye funza wake hutoboa nyanya, zipasue uone. Kama funza amekula pembeni tu, kata upande huo, uliobaki upike leo. Kama ndani kumeoza, tupa mbali na shamba, usirudishe chini ya miche.

Nzima na ngumu ndizo za kuhifadhi. Ziache mezani kwenye chombo kipana, zisipandane sana, na usizioshe mpaka wakati wa kuzitumia. Baridi ya friji chini ya nyuzi 12 hivi inaua harufu ya nyanya, hivyo zilizokomaa nusu zibaki nje. Zile zilizoiva kabisa ambazo zitaharibika kesho ndizo unaweza kuziingiza friji kwa siku mbili tatu ukisubiri nafasi, kisha uzitoe zipate joto kabla ya kuliwa.

Friza na kaushio

Hizi mbili ndizo zinazoshindana kweli, maana zote hazikudai umenye.

Kugandisha kuna kazi ndogo kuliko njia nyingine yoyote. Osha, futa kwa taulo safi hadi pasibaki tone, toa vikonyo, tandaza kwenye sinia bila kupandana, ingiza friza. Zikishakuwa ngumu, jioni ile au asubuhi yake, mimina kwenye mfuko wa zipu. Zinaanguka kama kokoto. Kamua hewa, andika tarehe, umemaliza. Ile hatua ya sinia usiiruke. Zikiingia mfukoni zikiwa laini zinashikana kuwa jabali, na kila ukitaka kiganja kimoja unalazimika kugonga kwa mchi.

Faida yake unaiona siku ya kupika. Chukua nyanya iliyoganda, ipitishe chini ya bomba kwa sekunde chache, halafu ibinye kwa vidole viwili. Ganda linavuka zima, nyama inabaki mkononi. Maji yaliyo ndani yakiganda yanatanuka na kupasua kuta za chembe za nyanya, ndiyo maana ganda linaachia. Kwa sababu hiyohiyo nyanya iliyotoka friza ikiyeyuka inalegea na haifai tena kachumbari. Ni ya chungu tu. Lakini fikiria tunavyokula: maharage yanaungwa, dagaa wanaungwa, mchicha unaungwa, nyama inatiwa rosti. Sehemu kubwa ya nyanya zinazoingia nyumbani zinaishia kwenye kitunguu kinachokaangwa. Kwa kazi hiyo cheri ya friza haina upungufu wowote, na ina utamu kuliko nyanya kubwa ya dukani iliyochumwa ikiwa kijani.

Kwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri zinakaa miezi sita hadi minane zikiwa na ladha nzuri. Zinaweza kupita hapo bila kumdhuru mtu, ila harufu inafifia. Kile kiboksi cha barafu cha ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja hakifiki baridi hiyo, kwa hiyo ukikitumia panga kuzimaliza ndani ya mwezi hivi.

Shida ya friza wote tunaijua: umeme. Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, inashika baridi karibu saa 48 umeme ukikatika. Iliyojaa nusu inashika karibu saa 24. Mtaa unaokatiwa kwa saa chache usikutishe. Unaokosa umeme siku mbili tatu mfululizo ni jambo jingine, na hapo nisingependa kuweka mavuno yote kwenye kapu moja la barafu. Nyanya zikiyeyuka zikiwa bado baridi, usizigandishe tena kama zilivyo. Zipike rojo siku hiyo, kisha gandisha rojo.

Sasa kaushio. Hapa kazi ipo mwanzoni: kila kinyanya kipasuliwe katikati. Kwa sado moja, yaani kilo mbili na nusu hivi, ni kazi ya watu wawili wakiongea, wenye visu vyenye makali. Zipange upande uliokatwa ukitazama juu, nyunyiza chumvi kidogo, nayo inavuta maji na kufukuza inzi kiasi. Mwenye kaushio la umeme aliweke kati ya nyuzi 57 na 60, kazi iishe ndani ya saa 8 hadi 12 kutegemea ukubwa. Zisipangwe kwa ukubwa mchanganyiko, maana ndogo zitaungua kubwa zikiwa bado na maji.

Kwa jua la wazi masharti yanakuwa magumu zaidi, na hapa ndipo unapoishi panapoamua. Joto la nyuzi 30 kwenda juu linahitajika, na unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 60. Dodoma, Singida na bonde la Ruaha wakati wa kiangazi hali hiyo ipo. Watu wa Dodoma wanakausha majani ya mboga tangu zamani, na nyanya zinafuata njia ileile. Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam joto lipo tele lakini hewa imejaa unyevu wa bahari. Nyanya zinakaa juani kutwa, usiku zinanyonya unyevu uleule zilioupoteza, na siku ya tatu unaona utando mweupe wa ukungu. Nyanda za juu kama Mbeya au Limuru zina tatizo la kinyume: hewa ya asubuhi ni baridi na ukungu unatanda. Anayetaka kukausha sehemu hizo atengeneze kaushio la jua la sanduku, ndani rangi nyeusi, juu nailoni inayopitisha mwanga, tundu la hewa chini na jingine juu upande wa pili. Hewa inayopata joto inapanda na kutoka na maji. Bila kutoka kwa hewa sanduku linageuka kuwa chungu cha kuchemshia.

Tandaza kwenye wavu wa plastiki wa kuwekea chakula au chekecheke la mti. Bati na wavu wa mabati usitumie, asidi ya nyanya inakula zinki. Funika kwa shashi au kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, na jioni ziingize ndani. Kwa jua zuri ni siku mbili hadi nne.

Kujua kama zimekauka kuna namna. Toa moja juani iache ipoe, kwa sababu ikiwa ya moto inadanganya na kuonekana laini. Ikunje katikati: ipinde bila kutoa unyevu, isishike kidole. Kisha jaza chupa za glasi theluthi mbili, funga, tikisa kila siku kwa wiki nzima. Ukiona mvuke kwenye glasi zirudishe juani. Zilizokaushwa nje zina uwezekano wa kuwa na mayai ya wadudu, kwa hiyo zipitishe friza saa 48, au oveni ya nyuzi 70 kwa nusu saa, kabla ya kuziweka kabatini. Hapo zitakaa miezi sita hadi mwaka mahali pakavu penye giza.

Kilo 10 hadi 12 mbichi zinabaki kilo 1 kavu. Sado yako inaingia kwenye chupa moja kubwa ya jemu. Huo ndio ushindi wa kaushio: halitaki umeme baada ya kazi, halichukui nafasi, na kifurushi chake kinasafiri kwa basi hadi kwa mtoto aliye chuoni bila kuvuja. Ladha nayo inabadilika, inakuwa nzito, tamu na chachu kwa pamoja. Cheri zinafaa kukaushwa kuliko nyanya kubwa kwa sababu sukari yake ni nyingi na maji yake ni machache kidogo. Ziloweke maji ya vuguvugu dakika 20 kabla ya kuunga, au zisage unga na utie kijiko kwenye supu, ndondo au mchuzi wa dagaa.

Nikipewa sado moja na friza yenye nafasi, nagandisha. Nikipewa sado tano na jua la Dodoma, nakausha nne. Nikiwa pwani masika sifikirii jua hata kidogo.

Kuna jambo moja la nyanya kavu linalopendwa kwenye picha nzuri: kuzitumbukiza kwenye mafuta pamoja na kitunguu saumu na kuziacha rafuni. Usifanye. Kitunguu saumu kinatoka udongoni na kinaweza kubeba mbegu za bakteria Clostridium botulinum. Mafuta yanazuia hewa, na bakteria huyo anastawi pasipo hewa. Ukitaka za mafuta, changanya kidogo, weka friji, zimalize ndani ya siku nne.

Kuoka, kwa anayebanwa na nafasi

Kuoka ni msaidizi wa friza. Cheri nzima, mafuta kidogo, chumvi, kitunguu maji kilichokatwa vipande vikubwa, oveni ya nyuzi 150, saa moja na nusu hadi mbili. Zinapasuka, zinasinyaa, maji yanageuka kuwa mchuzi mzito chini ya sinia. Asiye na oveni atumie sufuria nzito na mkaa chini na juu ya mfuniko, ule moto wa kuokea mkate wa kumimina. Mkaa wa chini uwe mchache, wa juu mwingi. Sado nzima inashuka kuwa bakuli mbili, na bakuli hizo mbili ukizilaza kwenye mifuko bapa zinachukua pembe ndogo ya friza.

Ganda halimenywi. Likishaiva hivi linasagika lote kwenye blenda, na asiye na blenda analiacha kwenye rosti bila kulalamikiwa na mtu. Ladha inashinda ya nyanya iliyogandishwa mbichi, kwa mbali. Gharama yake ni gesi au mkaa wa saa mbili, kwa hiyo sioni maana ya kuwasha oveni kwa bakuli moja. Subiri sinia zijae. Kwenye friji pekee, bila kugandisha, zisizidi siku nne.

Chupa za rojo: hapa nawasihi muwe waangalifu

Watu wengi wakisikia kuhifadhi nyanya wanafikiria kwanza chupa: pika rojo, mimina ya moto, funga, geuza kichwa chini, panga kabatini. Kwa cheri njia hii naiweka ya mwisho, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni ganda. Rojo la chupa linataka nyanya zilizomenywa au zilizochujwa. Cheri unazichemsha zilegee, kisha unazisukuma kwenye chujio kwa mwiko mpaka libaki pumba la ganda na mbegu. Pumba hilo ni jingi. Baada ya hapo rojo bado ni jepesi, linataka kuchemka muda mrefu lipungue, gesi ikiteketea. Ukitaka uzito wa nyanya ya kopo, utachemsha mpaka libaki robo au chini ya hapo. Nyanya kubwa ndefu zenye nyama nyingi zinalipa kazi hii, cheri hazilipi.

Ya pili ni usalama, na hapa sitapunguza maneno. Chakula kilichofungwa bila hewa kinakuwa salama kabatini ikiwa pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, iko chini ya 4.6. Nyanya ziko karibu sana na mpaka huo. Nyingine ziko chini yake, nyingine zimeuvuka, na nyanya kuwa tamu au chachu mdomoni hakukuambii iko upande gani, kwa kuwa sukari inaficha uchachu. Juu ya mpaka huo bakteria niliyemtaja anaweza kuota ndani ya chupa na kutoa sumu inayopoozesha mwili. Sumu hiyo inaweza kuwepo bila harufu, bila ladha, bila rangi iliyobadilika.

Kwa hiyo asidi lazima iongezwe kwenye kila chupa. Kwa chupa ya nusu lita: kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau ya chupa ya dukani, au robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, au vijiko vikubwa viwili vya siki ya asilimia 5. Soma lebo ya siki, kuna nyepesi zaidi ya hapo. Kwa chupa ya lita moja zidisha mara mbili. Nimesema maji ya limau ya chupa kwa sababu uchachu wake umepimwa. Ndimu ya mtini leo ni kali, kesho ni pole.

Kisha chupa zilizofungwa zichemshwe ndani ya sufuria refu, maji yakizifunika juu. Muda unategemea mwinuko, jambo linalosahaulika sana katika nchi zetu zenye milima. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 ufukweni, lakini kila ukipanda mita 300 hivi yanashuka nyuzi moja. Nairobi yanachemka karibu nyuzi 94. Kwa rojo lililochujwa katika chupa za nusu lita: dakika 35 kwa Mombasa, Dar es Salaam na sehemu zote chini ya mita 305; dakika 40 kwa Morogoro na kwingine hadi mita 915; dakika 45 kwa Arusha, Iringa, Nairobi na kwingine hadi mita 1,830; dakika 50 juu ya hapo, kama Limuru au Njombe. Anza kuhesabu maji yakishachemka kikamilifu.

Usitie kitunguu, hoho, karoti wala mafuta kwenye rojo la kabatini. Vyote vinavuruga hesabu hii ya asidi na muda. Kitunguu kitiwe siku ya kupika, ndiyo kwanza kitakuwa kibichi na kitamu.

Na vifuniko? Chupa za jemu na mayonezi tunazozitunza zina kifuniko kilichotengenezwa kufungwa kiwandani mara moja. Mpira wake wa ndani ukishakazwa na kufunguliwa mara kadhaa hauna uhakika wa kuziba tena. Kugeuza chupa kichwa chini hakubadilishi hilo; kifuniko kinaweza kunasa na ndani bado hakujaiva vya kutosha. Anayetaka kweli njia hii atafute chupa za kuhifadhia zenye vifuniko vya vipande viwili, na kipande bapa kiwe kipya kila mara. Zikikosekana, rojo lako litie kwenye vikopo vya plastiki na uligandishe. Umepata kilekile bila hofu.

Mwenye sababu nzuri ya kuchagua chupa ni yule asiye na umeme wa kutegemewa, asiye na jua kavu, mwenye chupa sahihi na kuni za kutosha. Huyo yupo, na kwake kazi yote hii ina maana. Wengine wana njia rahisi zaidi.

Achari na chatini

Tukilinganisha na rojo, chatini inaisamehe cheri mambo mengi. Ganda halimenywi wala halichujwi. Linabaki vipande vidogo ndani ya utamu na uchachu, na mtu anayechovya bajia au viazi karai anafurahia kukikuta kitu cha kutafuna. Utamu wa cheri unapunguza sukari. Kwa kilo moja ya cheri mimi natia gramu 150 za sukari badala ya 250 zinazotajwa kwa nyanya kubwa, siki mililita 200, kitunguu kimoja, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, pilipili mbuzi moja au mbili, chumvi kijiko cha chai, na bizari nzima iliyokaangwa kavu. Acha ichemke bila mfuniko karibu saa moja, ukikoroga zaidi kuelekea mwisho maana sukari inashika chini. Ipo tayari ukiburuta mwiko na chini ya sufuria ikaonekana njia kwa sekunde moja kabla haijajifunika.

Itie moto kwenye chupa safi zilizochemshwa, iache ipoe, weka friji, tumia ndani ya mwezi mmoja hadi miwili. Siiweki kabatini, kwa sababu kipimo changu cha jikoni hakijapimwa maabara.

Achari ya mafuta, ile ya asili ya embe na ndimu, sishauri kwa cheri mbivu. Embe bichi na ndimu ni ngumu na chachu, zinavumilia chumvi na jua. Cheri mbivu inalegea na kuwa uji. Cheri za kijani ndizo zinazokaribia: zipasue, zitie chumvi usiku kucha, zimwage maji, kisha pika na siki, haradali na pilipili. Zinabaki na mkato. Nazo zikae friji.

Kasoro ya chatini ni kwamba inaliwa kijiko kijiko. Kilo kumi za chatini ni nyingi kwa nyumba yoyote isipokuwa una harusi au unauza. Pika chupa tatu nne za nyumbani na mbili za kuwapa majirani, zilizobaki zielekeze kwingine.

Kuzila zikiwa mbichi

Kachumbari ya cheri haitaki kukamuliwa wala kutolewa mbegu. Pasua, tia kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili, ndimu, dania, iende na pilau. Watoto wanazila kama matunda, waache. Samaki wa kupaka anapendeza zikitupwa nzima kwenye tui dakika tano za mwisho, zikapasuka mdomoni. Lakini ukweli ni kwamba nyumba ya watu watano haiwezi kula sado mbichi kwa siku tatu, na siku ya nne zinaanza kunuka chachu. Kula unazoweza, usijidanganye kwamba utazimaliza.

Nani achague nini

Mwenye friza na umeme unaoaminika, mwenye kazi ya kutwa, asihangaike na kitu kingine: sinia, mfuko, tarehe. Kwa kuwa cheri zinaingia kidogo kidogo, kila bakuli linaganda siku yake na kujazia mfuko uleule. Hakuna njia nyingine inayoendana hivi na namna mche unavyozaa. Kaushio, oveni na chupa vyote vinataka urundike kwanza, na ukirundika za mwanzo zinaoza zikisubiri za mwisho. Friza ikianza kujaa, oka mifuko miwili na uirudishe ikiwa robo ya ilivyokuwa.

Mwenye jua kavu na asiye na friza akaushe, na afanye kazi hiyo kiangazi, si mwanzoni mwa vuli mawingu yanapoanza kucheza. Anayekaa pwani bila friza ana mtihani mkubwa kuliko wote. Kwake ningesema kaushio la sanduku, au kushirikiana na jirani mwenye friza kwa makubaliano ya mfuko kwa mfuko. Mwenye genge au anayekaanga bajia jioni apike chatini, kwa kuwa kwake chupa inaisha kwa siku mbili.

Mwisho wa msimu, ukishang'oa miche, utabaki na kijani nyingi. Zilizoanza kupauka rangi, za kijani cheupe, ziweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi inaziivisha ndani ya siku chache, kisha friza. Zile ndogo, ngumu, zenye kijani kibichi haziivi hata ukizisubiri mwezi. Hizo ndizo za achari ya haradali.